Picha Walizochorewa Wanawake wa Mazimbu

Wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipojenga kituo cha kulelea watoto Mazimbu, kilomita chache kutoka Morogoro mjini, walikipa jina la Charlotte Maxeke. Mama huyu alikuwa msichana wa kwaya aliyeondoka kwao miaka ya 1890 kwenda kuimba ng'ambo. Safari ya kwaya ilivunjikia Marekani, naye akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Wilberforce, jimbo la Ohio, chuo cha Wamarekani weusi ambako W. E. B. Du Bois alikuwa mmoja wa walimu. Akarudi nyumbani na shahada ya sayansi wakati ambapo wanawake weusi wa Afrika Kusini waliokuwa nayo hawakuwepo. Mwaka 1918 akaanzisha jumuiya ya wanawake iliyopinga sheria za pasi (vibali vya lazima vya kutembea kwa Waafrika) na kudai haki za wafanyakazi.

Kwa Maxeke, Marekani ilikuwa darasa. Nusu karne baadaye, nchi hiyohiyo ilianza kuuza duniani kote picha nyingine kabisa ya mwanamke, na picha hiyo ilisafiri mbali kuliko alivyosafiri yeye. Ilifika Johannesburg, ikafika Nairobi na Dar es Salaam, na kwa njia za kuzunguka ikafika hata chini ya milima ya Uluguru. Historia ya wanawake walioishi Mazimbu kati ya 1977 na 1992 haielezeki vizuri bila kuijua picha hiyo kwanza, kwa sababu wengi wao walizaliwa na kukulia kwenye kivuli chake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani iliwaita wanawake viwandani. Idadi ya wanawake wenye ajira ilipanda kutoka kama milioni 12 mwaka 1940 hadi zaidi ya milioni 18 vita vilipokaribia kwisha. Waliunganisha vyuma vya meli, wakapiga ribiti za ndege, wakaendesha winchi. Mabango ya serikali yaliwaonyesha wamekunja mikono ya mashati na kufunga vitambaa kichwani. Wanaume waliporudi kutoka vitani, mamilioni ya wanawake waliondolewa kwenye kazi hizo, na wachoraji wa matangazo wakapewa kazi mpya. Mwanamke yuleyule aliyekuwa na tochi ya kuchomelea akavishwa aproni, viatu vya kisigino na mkufu wa lulu, akasimamishwa mbele ya friji iliyofunguliwa mlango, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kwenye nyama na maziwa kama anayemkaribisha mgeni wa heshima. Mashavu yanang'aa. Jikoni hamna hata kijiko kichafu, wala jasho. Anayeitazama picha hiyo haambiwi nani aliyesugua sakafu.

Nyumba ya picha hiyo ilikuwa kwenye viunga vipya vya miji. Mwaka 1947 kampuni ya Levitt ilianza kujenga mji wa Levittown kwenye kisiwa cha Long Island, jirani na New York, nyumba zinazofanana kama matofali ya tanuru moja, na hadi 1951 zilikuwa zimepita 17,000. Serikali ilidhamini mikopo ya askari waliotoka vitani. Lakini mikataba ya mwanzo ya Levittown ilikataza kwa maandishi watu wasio weupe kuishi humo, isipokuwa kama watumishi wa ndani. Kifungu hicho kinatuhusu sana sisi tunaosoma historia hii tukiwa Afrika Mashariki na Kusini. Mwanamke wa kwenye tangazo alikuwa mweupe kwa amri ya mkataba, na mwanamke mweusi aliruhusiwa kuingia kwenye picha kwa mlango wa nyuma, ndoo mkononi.

Picha hiyo ilifanywa hata hoja ya siasa za dunia. Tarehe 24 Julai 1959, kwenye maonyesho ya Marekani jijini Moscow, Makamu wa Rais Richard Nixon alimsimamisha Nikita Khrushchev mbele ya jiko la mfano na mashine ya kufulia, akajivunia jinsi mfumo wao unavyowapunguzia kazi mama wa nyumbani. Khrushchev akamjibu kwamba kwao hawana mtazamo huo wa kibepari juu ya wanawake. Wanaume wawili wenye silaha za nyuklia walibishana juu ya jiko. Wanawake waliokuwa na la kusema kuhusu jiko hilo hawakuulizwa.

Na takwimu zenyewe zilikuwa zinaikana picha. Kufikia 1960, zaidi ya theluthi moja ya wanawake wazima wa Marekani walikuwa na kazi za kulipwa au wanazitafuta, na idadi ya walioolewa kati yao ilikuwa inaongezeka kila mwaka. Matangazo yaliendelea kumchora mama asiyetoka nyumbani. Mwaka 1963 Betty Friedan alichapisha kitabu, The Feminine Mystique, akieleza huzuni ya wanawake waliosoma na kisha kufungiwa kwenye nyumba nzuri, na akaweka sura nzima juu ya wafanyabiashara waliopiga hesabu kwamba mama anayeshinda nyumbani hununua vitu vingi zaidi. Friedan aliandika hasa juu ya wanawake weupe wenye nafasi. Yule wa mlango wa nyuma hakumwona sawasawa.

Huyo wa mlango wa nyuma ndiye tunayemfuata.

Viunga vya weupe vya Johannesburg vilijengwa kwa ndoto hiyohiyo: nyasi zilizokatwa, bwawa la kuogelea, majarida yenye picha za majiko ya umeme. Tofauti ni kwamba huko kila nyumba ilikuwa na chumba cha uani, na ndani ya chumba hicho aliishi mwanamke Mwafrika. Utumishi wa ndani ulikuwa ajira kubwa kuliko zote kwa wanawake weusi wa mijini. Waliofanya kazi hiyo walikuwa mamia ya maelfu. Walilea watoto wa watu, huku wa kwao wakilelewa na bibi Soweto au kijijini. Mapumziko yao yalikuwa Alhamisi mchana, na sehemu ya Jumapili. Mama wa nyumba aliweza kufanana na picha ya kwenye jarida kwa sababu kazi yote ilifanywa na mwingine asiyekuwemo pichani.

Mwanamke mweusi naye alichorewa picha yake. Jarida la Drum, lililoanza mwaka 1951, liliweka wasichana warembo kwenye majalada yake kwa mtindo ulioigwa waziwazi kutoka filamu na majarida ya Marekani, na kurasa za ndani ziliuza sabuni, nguo za ndani na krimu za kuchubua ngozi. Tangazo la krimu lilimwahidi msomaji kazi nzuri, mchumba mwenye suti na maisha ya kisasa, ili mradi rangi yake ipungue. Biashara hiyo iliwatajirisha watu kwa mamilioni. Ninaona uchungu hasa katika hili: serikali ya makaburu ilimnyima mwanamke huyo haki kwa sababu ya rangi yake, na duka la jirani likamuuzia chupa ya kuipunguza. Ngozi za wengi ziliharibika hata daktari asiweze kuzirudisha.

Watoto wa mama hao wa uani ndio waliomiminika barabarani Soweto tarehe 16 Juni 1976. Baada ya polisi kuwafyatulia risasi, maelfu walivuka mipaka kwenda Botswana na Swaziland, na sehemu yao wakaishia Tanzania.

Tanzania waliyoikuta ilikuwa imeshapitia mzozo wake juu ya picha hizo. Wakati wa ukoloni, mwaka 1951, lilianzishwa Baraza la Wanawake la Tanganyika, Lady Twining, mke wa Gavana, akiwa mstari wa mbele. Vilabu vyake vilifundisha kushona, kufuma, kuoka keki na kulea watoto kwa namna ya kizungu. Ujuzi huo haukuwa na ubaya wowote. Bibi zetu wengi walifuma vitambaa vya makochi kwa ustadi waliojifunza huko. Lakini mwanamke aliyekusudiwa na vilabu hivyo alikuwa mama wa nyumbani wa karani, anayemngoja mume na chai ya saa kumi. Alifanana na dada yake wa Levittown, ila umeme hana.

Uluguru picha hiyo haikuwa na pa kukaa. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo. Mama wa Kiluguru alikuwa mwenye shamba na mkulima kwa wakati mmoja, akipanda na kushuka milima na mzigo wa ndizi au maharage kichwani. Serikali ya kikoloni ilipoleta mpango wa kuchimba matuta kwenye miteremko kuanzia 1950, kazi hiyo iliwaangukia sana wanawake, kwa kuwa wao ndio waliokuwa shambani. Mwezi Julai 1955 watu wa Matombo walikusanyika kuupinga, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Mwaka huohuo Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa vikundi vya ngoma ambaye hakupita kwenye vilabu vya keki, alikuwa anawaingiza wanawake kwenye chama cha TANU kwa maelfu kupitia vikundi hivyo vya ngoma.

Uhuru haukuyafukuza matangazo. Magazeti na majarida ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1960 yalikuwa na mama mwenye tabasamu akipaka Blue Band kwenye mkate wa watoto, mama anayekaanga kwa Kimbo, msichana wa ofisini anayepaka krimu ya kujichubua ya Ambi. Mavazi yalibadilika mjini. Na mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, wigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana zilipigwa marufuku kwa kuwa ni utamaduni wa kigeni. Kabla hata tarehe haijafika, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wasichana Kariakoo, wakawashusha kwenye mabasi na kuwachania nguo.

Mwezi mmoja tu kabla ya tangazo hilo, tarehe 7 Septemba 1968, wanawake wa Marekani waliandamana Atlantic City nje ya mashindano ya urembo ya taifa. Waliweka pipa na kutupa ndani yake sidiria, viatu vya visigino, kope za bandia na majarida yaleyale yaliyowafundisha kuwa mama wa nyumbani. Nchi mbili, vitu karibu vilevile, mwaka uleule. Kule walioamua kuvitupa ni wanawake wenyewe. Huku kwetu waliamua wanaume, na wakaanza kwa kuwachania wanawake nguo barabarani. Barua nyingi ziliandikwa magazetini kwa upande wa operesheni na dhidi yake, na baadhi ya waandishi wakauliza mbona suti na tai za wanaume hazikuguswa, ilhali nazo hazikufumwa Kariakoo. Swali hilo lilikuwa la haki, na operesheni haikulijibu. Mkorogo wenyewe ulihitaji kupingwa kwa nguvu zote. Mimi simtetei muuza krimu hata kidogo. Lakini aliyepaswa kufuatwa ni yeye, na aliyefuatwa alikuwa msichana kwenye basi.

Hiyo ndiyo nchi iliyowapokea vijana wa Soweto. Chama chao cha ukombozi, ANC, kilikuwa na makao Morogoro tangu katikati ya miaka ya 1960, na mkutano wake mkubwa wa mwaka 1969, uliofanyika kati ya Aprili 25 na Mei 1, unajulikana hadi leo kwa jina la mji huo. Florence Mophosho, mwanamke wa kitongoji cha Alexandra, Johannesburg, aliyekatisha masomo mapema kwa umaskini na kujifunza siasa kwenye migomo ya mabasi na kampeni za kupinga pasi, aliongoza kitengo cha wanawake cha chama akiwa Morogoro katika miaka ya 1970, na kitengo hicho kikachapisha jarida lake, Voice of Women. Ni jarida lililofanya kinyume cha Drum: uso wa mwanamke uliwekwa kwenye jalada kwa ajili ya alilosema au alilotenda.

Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa ANC shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, pale Mazimbu. Mkuu wa Mkoa aliyehangaikia jambo hilo alikuwa mwanamke, Mama Anna Abdallah, na alihusika tena miaka mitano baadaye chama kilipoongezewa ardhi Dakawa. Kwenye majengo mabovu ya shamba, katikati ya mkonge uliogeuka pori, shule ikaanza mwaka 1978. Tarehe 6 Aprili 1979 Solomon Mahlangu, mpiganaji wa ANC wa miaka 22, alinyongwa na serikali ya makaburu Pretoria, na shule ikachukua jina lake. Kwa zaidi ya muongo mmoja Mazimbu ikakua: shule ya sekondari na ya msingi, kiwanda cha samani, kiwanda cha nguo, mashamba na mifugo, na hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Waholanzi. Rais wa ANC, Oliver Tambo, aliifungua rasmi Agosti 1985.

Picha ya mwanamke iliyotundikwa kwenye kuta za Mazimbu haikuwa ya friji. Harakati za ukombozi za kusini mwa Afrika zilikuwa na bango lao maarufu: mwanamke kijana, mtoto amefungwa mgongoni, bunduki begani. Chama kiliwaita wanawake mama wa taifa. Kwa msichana aliyetoka kwenye nyumba ambayo mama yake aliitwa kwa kengele na bibi wa kizungu, bango hilo lilikuwa na nguvu kubwa. Lilimrudishia mwanamke mweusi mwili wake, rangi yake na mtoto wake, vitu vitatu ambavyo matangazo ya Johannesburg yalikuwa yamemwambia avifiche. Hilo halipaswi kudharauliwa.

Lakini tuliangalie bango kwa karibu. Mtoto wa mgongoni halii. Hana homa, hajachafua nepi. Mama hajaonyeshwa anapika nini, analala wapi, wala atamwacha na nani huyo mtoto akienda darasani. Kwenye jambo hili bango la ukombozi na tangazo la friji, vilivyo maadui katika mengine yote, vilisahau kitu kimoja: kazi.

Mazimbu haikuweza kuisahau. Wanafunzi walikuwa vijana wabichi, wengi mbali na wazazi, wavulana wakiwazidi wasichana kwa idadi. Mimba zikatokea. Kanuni ilikuwa kwamba msichana aliyepata mimba alisimamishwa masomo na kuhamishiwa kwenye makazi ya mama wenye watoto wachanga yaliyobeba jina la Charlotte Maxeke, mjini Morogoro, akakaa huko akimlea mtoto, mara nyingi hadi mwaka wa pili. Mvulana aliyehusika kwa kawaida aliendelea na shule. Wasichana hao wakaja kuitwa kwa jina la nyumba yao, na jina la msomi wa Wilberforce likageuzwa kuwa neno la kumnyooshea mtu kidole.

Maisha ya nyumba hizo yalikuwa ya maji na moto. Nepi za kitambaa huloweshwa, huchemshwa, husuuzwa na kuanikwa kila siku ya Mungu, na za watoto wengi kwa pamoja hazimaliziki asubuhi. Hapo bado uji, bado kumpeleka mtoto kliniki, bado malaria ya masika. Msichana wa miaka 17 aliyeondoka Soweto akiwa na nia ya kurudi na bunduki au na shahada alijikuta mbele ya karai. Bibi, ambaye nyumbani angemshika mtoto, alikuwa upande wa pili wa mpaka. Nguo za watoto zilikuja kwa marobota kutoka kwa marafiki wa Ulaya, na kazi ya kuzipanga na kuzigawa iliangukia kitengo cha wanawake. Wanawake waliojiunga na chama ili kupambana na makaburu walijikuta wanahesabu soksi za watoto, na wengi walilalamika wazi kwamba chama kimekigeuza kitengo chao kuwa idara ya ustawi wa jamii.

Malalamiko hayo hayakupotea bure, na hapa ndipo ninapoiona tofauti kubwa kati ya Mazimbu na viunga vya Marekani. Wanawake waliochorwa kwenye bango waliweza kumjibu mchoraji, kwa kuwa walikuwa kwenye chama kimoja naye. Kwenye mkutano wa wanawake wa ANC uliofanyika Luanda mwaka 1981 walijadili nafasi yao kwa uwazi. Tambo aliutangaza mwaka 1984 kuwa Mwaka wa Wanawake. Mwezi Julai 1985 ujumbe wao ulikuwa Nairobi kwenye mkutano wa dunia wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, ambako wanawake wa nchi maskini waliwaeleza wenzao wa nchi tajiri kwamba ukombozi hauishii kwenye mshahara na jiko. Upo pia ukoloni, upo ubaguzi, yapo maji. Na tarehe 2 Mei 1990 uongozi wa chama ulitoa tamko lililokiri kwamba ukombozi wa mwanamke hauji wenyewe kwa sababu tu nchi imekombolewa.

Kituo cha watoto cha Charlotte Maxeke kilichojengwa Mazimbu kilikuwa jibu la matofali kwa malalamiko hayo. Mtoto akiwa mikononi mwa walezi, mama angeweza kurudi darasani au kazini. Wapo waliorudi, wakamaliza, wakaenda kusoma zaidi nje. Tukilinganisha na sisi wenyeji, tunapaswa kuinamisha vichwa: katika miaka hiyohiyo, msichana wa Kitanzania aliyepata mimba kwenye shule ya serikali, hata kama shule yenyewe iko upande wa pili wa barabara ya Mazimbu, alifukuzwa moja kwa moja. Aliendelea kufukuzwa hivyo hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurejea shule za kawaida. Wageni waliopewa pori la mkonge walilifikia jambo hilo, pamoja na dosari zao zote, miaka karibu 40 kabla yetu.

Upo upande mmoja zaidi, na ndio ulionivuta kuandika.

Wakati wote huo palikuwa na wanawake wengine katika historia ya Mazimbu ambao hawakuchorwa na yeyote, si kwenye tangazo wala kwenye bango. Ni wanawake wa Morogoro wenyewe. Tangu wapiganaji wa kwanza walipofika miaka ya 1960, wapo waliopendana na binti za mji huu, wakaoana nao au kuishi nao. Wanawake hao waliwapa wageni nyumba zenye sufuria motoni, wakawafundisha Kiswahili, wakawaonyesha namna ya kununua sokoni na namna ya kusalimia wakwe. Wakazaa nao watoto. Mwenzao aliweza kuondoka usiku kwa amri ya chama bila kuaga, akarudi baada ya miaka au asirudi kabisa, na mke hakuruhusiwa kuuliza alikokwenda. Waliishi na siri za vita ya watu wengine huku wakilima, wakiuza maandazi, wakipeleka watoto shule. Watafiti wawili, Arianna Lissoni na Maria Suriano, waliwasikiliza baadhi yao na mwaka 2014 wakachapisha utafiti wao kwenye jarida la kitaaluma la mambo ya kusini mwa Afrika. Kabla ya hapo vitabu vingi vya historia ya ukombozi viliweza kueleza miaka 30 ya ANC Morogoro bila kumtaja mwanamke mmoja wa Morogoro.

Marufuku dhidi ya ANC iliondolewa Afrika Kusini Februari 1990, na watu wakaanza kurudi kwao. Mwezi Julai 1992 Tambo, akiwa tayari mgonjwa, alikuja Mazimbu kuikabidhi kwa Watanzania. Majengo yote, hospitali, mashamba na makaburi ya wenzao vikabaki, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kikavipokea na kulitunza jina la Mahlangu kwenye kampasi hiyo. Ilikuwa zawadi kubwa kwa nchi, na imesomesha maelfu.

Kwa wake wa Morogoro mwaka huo ulikuwa wa kuamua. Wapo waliofungasha na kufuata waume zao hadi Afrika Kusini, wakakuta mji wasioujua, lugha wasiyoijua, na pengine mke mwingine aliyeoana na bwana huyo kabla hajakimbia nchi. Uvumilivu wao wa Morogoro haukuwa na cheti, na kule walionekana wageni waliokuja kutafuta maisha. Wapo waliobaki, wakalea watoto wenye majina ya Kizulu na Kisotho katika mitaa ya Waluguru, wakisubiri barua. Wanaume wa mwaka 1976 walipata pensheni za wapiganaji na mitaa iliyoitwa kwa majina yao. Binti wa Morogoro aliyekuwa na miaka 20 Mazimbu inapofunguliwa rasmi, sasa amevuka 60. Wengi wao bado wapo mjini, na watoto wao wanaulizwa hadi leo, kila wanapojiandikisha mahali, ukoo wa baba unatoka wapi.